SOMO: Kwa sisi tunaokaa dukani kutwa, jinsi ya kuanza kutembea

Wapendwa, mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti wake kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, wanaoshinda wamekaa, waliugua moyo zaidi kuliko makonda waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa. Basi ni lile lile. Nilipoyasoma hayo nilikiangalia kiti changu cha dukani, nikaogopa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwaka 2022, watu wazima 31 katika kila 100 duniani hawakuzifikia.

Hatua ya 1. Wiki ya kwanza, dakika 10 tu kwa siku. Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Sokoni nenda kwa miguu. Boda mwite wakati wa kurudi na mzigo.

Hatua ya 2. Kila wiki ongeza dakika 5, mpaka ufike 30, siku tano. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea lakini kuimba huwezi. Kifua kikibana, simama, nenda hospitali.

Hatua ya 3. Usikae saa nzima bila kuinuka. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu. Uliolala hauivuti vile. Mimi kila mteja akija nasimama, hata kama anataka kiberiti.

Hatua ya 4. Siku mbili kwa wiki, imarisha misuli: kaa kitini uinuke bila kushika kitu, mara 10, pumzika, rudia.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Mimi nafua kwa mikono, nadeki, nachota maji. Yanahesabika?
— Marahaba mdogo wangu. Yanahesabika kabisa, mradi pumzi ipande. Usijidharau.

Natumia insulini. Nitembee?
— Tembea, ila ongea kwanza na daktari wako wa kliniki. Pima sukari kabla ya kutoka na beba kitu kitamu, maana inaweza kushuka njiani. Vaa viatu vya kufunika, na ukirudi kagua nyayo. Kidonda kidogo usichokisikia ndicho kinachopoteza mguu.

Mama yangu anaona aibu. Huku mtu mzima akipita mbio mbio bila safari, watu wanauliza kuna msiba gani.
— Mpe kikapu, mfuatane naye alfajiri. Wiki mbili tu, majirani watazoea.