Kumwaga oili Mwanjelwa bila kupigwa

Naendesha Noah kati ya Mbeya na Tukuyu, na gereji za haraka za kumwaga oili pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, nazitumia. Si wezi wote. Ila sikai kwenye benchi kunywa chai. Nasimama pale boneti lilipofunguliwa.

Oili nunua mwenyewe, dumu lenye sili, namba ya uzito ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi akisema, "Kaka, weka hii nzito, injini imechoka," mshukuru, kataa. Asubuhi za Mbeya mwezi wa saba ni baridi kweli, na oili nzito kupita kiasi huchelewa kupanda juu ya injini. Filta mpya itie alama kwa kalamu kabla haijafungwa. Ya zamani uione imetolewa. Dumu likiisha litoboe. Tupu lenye lebo safi lina wateja wake, na wanalijaza oili feki.

Kabla ya kulipa washa injini, chungulia chini kama nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inavuja. Zima, subiri kidogo, vuta stiki ya kupimia oili gari likiwa sehemu tambarare: oili iwe kati ya alama mbili. Gari la dizeli, oili ikiwa nyeusi kesho yake, usimgombeze kijana wa watu. Ni masizi tu.