Maji ya kioo hayaji? Pima kwa balbu, si kwa mita

Ukibonyeza swichi ya maji ya kioo cha mbele na husikii hata mngurumo, usikimbilie kununua pampu. Angalia fyuzi, kisha chomoa plagi ya pampu. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21 uliyoiunga nyaya mbili, uziingize kwenye matundu mawili ya plagi, funguo ikiwa imewashwa, na mtu akubonyezee swichi. Ikiwaka kwa nguvu, umeme unafika; mgonjwa ni pampu. Ikiwaka hafifu au isiwake kabisa, tafuta kwenye waya, swichi au ethi, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ya gari kurudisha umeme. Hapa Malindi mimi huanza na ethi, maana upepo wa chumvi hula ile skrubu ya kwenye bodi na kuigeuza shaba kijani. Ikwangue kwa msasa, ifunge, paka grisi juu.

Mita ya kupimia volti haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobakia uzi mmoja bado utakuonyesha volti 12. Mita yangu imenidanganya hivyo, na pampu mpya nikanunua bure. Balbu huvuta karibu ampea 2, waya mbovu ukaumbuka hapo hapo. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii.

Usipime kati ya plagi na bodi: baadhi ya magari swichi yake hukata upande wa ethi, na balbu itawaka kabla hata hujabonyeza. Na kama pampu inanguruma ila maji hayatoki, weka balbu kando, chukua sindano uzibue matundu ya kunyunyizia.