Hesabu Maji Kabla ya Vitanda: Namna ya Kufungua Nyumba ya Wageni Karibu na Ufuo wa Mombasa

Mwenye nyumba Bamburi, Shanzu au Nyali anayetaka kuigeuza kuwa ya wageni kwa kawaida huanza na magodoro, mapazia na rangi ya kuta. Mwongozo huu unamshauri aanze na tangi la maji, na sababu yake inaonekana wazi katika kisiwa cha Mallorca, kilichoko upande wa Hispania wa Bahari ya Mediterania. Kisiwa hicho chenye wakazi wasiofikia milioni moja hupokea wageni zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, na wengi wao hufika kiangazi, wakati uleule ambao mvua hainyeshi. Kati ya mwaka 1995 na 1997, ukame ulipozidi, maji yalilazimika kuletwa huko kwa meli kutoka bara, ilhali hoteli zilikwisha kujengwa na vitanda vilikwisha kuuzwa. Sisi ambao maji yetu mengi hutoka mbali, Baricho na Mzima, hatuna la kuwacheka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa muda wa wiki kadhaa, andika daftarini siku ambazo maji ya mfereji yalifika na siku ambazo hayakufika, kisha kipindi kirefu zaidi cha ukavu kiwe ndicho kipimo chako. Tuseme kipindi hicho ni siku tano na tangi lako ni la lita 10,000: hizo ni lita 2,000 kwa siku. Toa lita 400 za watu wa nyumbani na lita 400 za kufua mashuka na kusafisha, zitabaki 1,200. Mgeni anayeoga asubuhi, akaoga tena atokapo baharini, kisha akaoga kabla ya kulala kwa sababu ya joto la Februari, mhesabie lita 150, na usijidanganye kwamba kikaratasi cha ukutani kinachomwomba atumie maji kwa uangalifu kitampunguzia kiu ya kuoga. Utapata wageni wanane. Hata kama vyumba vinatosha watu kumi na wanne, yako ni nyumba ya wageni wanane mpaka utakapoongeza tangi.

Mimi sikuifanya hesabu hii Desemba yangu ya kwanza. Nilipokea watu kumi na wawili, na siku ya tatu, saa mbili usiku, mama mmoja alifungua mlango nusu, povu la sabuni limemjaa kichwani, akauliza kwa upole kama maji yatarudi. Lori la maji lilikuwa na foleni hadi adhuhuri ya kesho yake. Tuliokolewa na kijana wa mkokoteni aliyesukuma mitungi ishirini ya lita 20 kutoka mtaa wa pili, na bei aliyoitaja usiku ule sikuwa na uso wa kuipunguza.

Wengi watakushauri uchimbe kisima. Karibu na ufuo maji ya kisima huwa na chumvi, na kadiri unavyoyavuta kwa wingi ndivyo bahari inavyozidi kuingia chini kwa chini. Yatumie chooni, kwa mabomba yaliyotengwa tangu mwanzo, kwa sababu kuyatenganisha baadaye ni kuvunja kuta. Ukilazimika kuyapeleka bafuni, nunua hita iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Mvua ndiyo inayosahaulika, ingawa wazee waliojenga mabirika ya misikiti hawakuisahau. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 50 linaweza kukupa karibu lita 5,000, mradi mifereji ya paa iwe safi kabla ya Aprili.

Baada ya maji matamu, yajue ya baharini. Katika Mediterania kupwa na kujaa kwa maji ni kudogo mno, kwa hiyo mgeni aliyezoea fuo za huko hudhani bahari hukaa palepale kutwa nzima. Kwetu, siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na tofauti yake huweza kupita mita 3. Bandika jedwali la maji nyuma ya mlango wa kila chumba, nalo lionyeshe saa za Kiswahili na za kizungu pia, maana mgeni wa kigeni akiambiwa saa kumi anaweza kwenda saa nne asubuhi akakuta mawe na kaa.

Kusi likivuma, ufuo hujaa majani makavu ya nyasi bahari, na wageni wengine huyaona kuwa uchafu. Usiajiri watu wa kuyazoa yote. Rundo hilo hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na serikali ya visiwa vya Balearic, ambavyo Mallorca ni kimojawapo, iliweka kanuni mwaka 2018 za kulinda nyasi bahari za huko ziitwazo posidonia. Fagia njia ya kupita tu.

Kuhusu majira, panga marejesho ya mkopo kwa mapato ya Mei, si ya Desemba. Wala usitegemee mlango mmoja wa wageni: pwani hii iliyumba baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997, ikayumba tena mwaka 2014 serikali za nje zilipowaonya raia wao wasije, na mwaka 2020 ndege zikasimama kabisa. Familia zinazoshuka na treni ya SGR kutoka Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, hulipa kidogo kuliko Mzungu, lakini hurudi.

Leseni za kaunti na za mamlaka ya utalii, cheti cha zimamoto na vyeti vya afya vya wapishi ni mambo ya kufuatiliwa ofisini kwa subira. Sina la kuongeza. Jirani ndiye anayehitaji mazungumzo. Jiji la Palma, makao makuu ya Mallorca, lilipiga marufuku mwaka 2018 kupangisha watalii ndani ya fleti, na Julai 2024 maelfu ya wakazi waliandamana huko kupinga utalii uliopita kiasi. Kama nyumba yako imo ndani ya jengo la fleti, zungumza na wenzako kuhusu kelele, maegesho na, narudia, maji ya tangi la pamoja, kabla hujanunua hata shuka moja.

Mwisho, kabla ya kutangaza bei, lala usiku mmoja katika kila chumba. Zima umeme kwenye swichi kuu saa nne usiku, funga neti, sikiliza jenereta ya jirani na muziki wa ufuoni, na asubuhi oga kwa mfereji uleule atakaoutumia mgeni. Yatakayokukera yaandike, uyarekebishe, kisha ulale tena.