Jinsi ya kutafsiri "fine" bila kukimbilia "nzuri"

Nilipoanza kazi ya tafsiri nilipewa maelezo ya kumalizia samani za mbao. Kiingereza kilisema "fine sandpaper", nami nikaandika "msasa mzuri". Seremala aliyeyasoma aliuliza swali moja tu: mzuri ni upi? Alikuwa ameshika misasa miwili, namba 80 na namba 240, yote mipya, yote mizuri. Alichohitaji kuambiwa ni msasa laini, ule wenye chembe ndogo, ambao namba yake huwa kubwa. Angemalizia na ule wa 80, ubao ungebaki na mikwaruzo hata baada ya vanishi. Tangu siku ile neno "fine" silitafsiri kabla ya kulipitisha katika hatua hizi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kivumishi

"He paid a fine" ni "alilipa faini". Hapo ni nomino, na sisi tumeichukua kama ilivyo. Linaweza pia kuwa kitenzi, yaani kutoza faini. Nomino hii na kivumishi chake vina asili moja: neno la Kilatini finis, mwisho, lililopitia Kifaransa cha kale. Malipo ya kumaliza shauri yakaitwa faini, na kitu kilichofikishwa kwenye ukamilifu wake kikaitwa bora. Mimi hukumbuka hivi: kilichosagwa na kuchekechwa hadi mwisho huwa laini.

Hatua ya 2: Tazama limekaa wapi

"The teacher is fine": mwalimu hajambo, ni mzima. "A fine teacher": mwalimu hodari. Likija baada ya kitenzi, mara nyingi linasema mtu au jambo halina tatizo. Likitangulia nomino, linasifu au linaeleza umbo. Hatua hii peke yake huondoa nusu ya makosa ninayokutana nayo ninapohariri.

Hatua ya 3: Jaribu kuongeza "very"

Chukua "the sand is fine". Inaweza kuwa "mchanga ni laini", au "mchanga huo unafaa, tuutumie". Ukiongeza "very" na sentensi bado inaleta maana uliyokusudia, basi ni ulaini. "Fine" yenye maana ya "hakuna shida" haipendi "very", wala haiwi "finer" au "finest". Ndiyo sababu "I am very fine" ya wanafunzi wengi husikika vibaya kwa wazawa wa Kiingereza. Wao husema "I'm very well", au "I'm fine" na kuishia hapo.

Hatua ya 4: Muulize jirani yake

Hapa usiharakishe. Nomino iliyo jirani ndiyo inayoamua neno la Kiswahili, na mara nyingi maneno hayo hayafanani hata kidogo:

"Fine thread" ni uzi mwembamba. "Fine hair" ni nywele nyembamba, kila unywele kwa unene wake. Usiseme nywele chache, maana hizo ni "thin hair". "Fine powder" ni unga laini. "A fine sieve" ni chekecheke lenye matundu madogo, na hapa watu hukosea sana kwa kuandika "chekecheke jembamba", ilhali wembamba wa chombo chenyewe haukutajwa. "Fine print" ni yale maandishi madogo kwenye mkataba, yenye masharti ambayo wengi hawayasomi. "A fine line" kati ya mambo mawili ni tofauti ndogo sana. "Fine gold" ni dhahabu safi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mvua. "Fine weather" ni hali ya hewa nzuri, na mvua haipo. "Fine rain" ni manyunyu. Neno moja, na katika sentensi ya kwanza unaacha mwavuli nyumbani, katika ya pili unaubeba.

Ukikuta "one fine day" kwenye hadithi, usiulize jua lilikuwa linawaka au la. Ni "siku moja", basi.

Hatua ya 5: Kama ni jibu, rudi kwenye swali

"How are you?" "I'm fine." Usiandike "mimi ni mzuri", maana hapo mtu anajisifia sura au tabia. Aliyeulizwa "hujambo" ajibu "sijambo", na wa "habari" ajibu "nzuri" au "salama".

Lakini "Do you need help?" "I'm fine" ni kukataa kwa adabu: "hapana, asante". Nimewahi kuona tafsiri ambamo mhusika anaulizwa kama anahitaji msaada naye anajibu "sijambo", na mazungumzo yote yakapotea njia.

Likisimama peke yake, sikiliza sauti ya msemaji. "Fine!" ya mtu aliyeridhika ni "sawa". "Fine." ya mtu aliyechoka kubishana huku ameshageuza uso ni "haya basi". Ukiweka "sawa" hapo, msomaji atadhani wamepatana.