Unataka kujifunza Haskell, lugha ya kuprogramu? Usikurupuke kununua kitabu

Wadau, kabla hujatoa hela cheki kwanza mwaka. Real World Haskell ni kitabu kikali lakini cha 2008, mifano yake mingine ukiiandika leo kompaila (programu inayotafsiri ulichoandika ili kompyuta ikielewe) inagoma, na mgeni anadhani kosa ni lake. Mi nilikesha Tabata na mfano wa hivyo mpaka bando likakata, kumbe laibrari, ule msimbo wa tayari ambao mfano unauazima, ilishabadilika zamani.

Halafu mazoezi. Learn You a Haskell cha 2011 unakisoma bure mtandaoni, kinachekesha, ila mazoezi hakina, kwahiyo unasoma kwenye daladala unaona umeelewa, ukikaa kwenye kompyuta mikono inaganda. Ndo maana mi nawaambia watu waanze na Programming in Haskell cha Graham Hutton, toleo la pili la 2016, sura zinaisha na mazoezi.

Jipime hivi: soma sura ya rikasheni (funksheni kujiita yenyewe), funga kitabu, andika funksheni ya kujumlisha listi, yaani listi tupu jibu sifuri, la sivyo namba ya kwanza jumlisha na jumla ya zilizobaki. Ukitoboa bila kuchungulia, kitabu kinakufaa. Na kama hujawahi kuprogramu usiogope, waliotoka lugha kama Java ndo wanahangaika kutafuta lupu (amri ya kurudiarudia kazi) hawaioni.