Netiweki ndani ya gari ukiwa porini: antena kwanza, busta baadae

Kwa wale wanaopiga ruti za mbali, Itigi kwenda Rungwa mpaka Makongolosi, Mpanda–Tabora, au ukishaacha lami kuelekea Liwale, hali mnaijua, vijiti vinakata kimoja kimoja afu vinapotea kabisa, na ukiharibikiwa hapo ndo unaanza kuzunguka gari umenyanyua simu juu. Wengi wakishachoka na hio hali wanakimbilia kuagiza busta, kile kifaa cha kukuza mtandao, kwenye maduka ya mtandaoni. Subiri kwanza, hela yako ina kazi nyingine.

Adui wa kwanza ni gari lenyewe. Umekaa ndani ya boksi la bati, mawimbi yanapita kwenye vioo tu, na kama umebandika tinti zile zenye madini ya chuma ndani yake basi hata vioo umeviziba. Sasa kabla hujanunua chochote jua kwanza gari linakula kiasi gani, na hapo achana na vijiti maana kila kampuni ya simu inavichora inavyotaka yenyewe, angalia namba. Kwenye Android nyingi unaingia setingi, kuhusu simu, hali ya SIM, utakuta namba yenye alama ya kutoa na dBm mbele yake, hicho ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, ikikaribia sifuri ndo nzuri zaidi. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Kwa 4G ukiona -80 mpaka -95 uko vizuri, -105 unaanza kuhangaika, -115 kushuka chini hapo ni bahati nasibu. Kila dB 3 (hatua za hicho kipimo) zikiongezeka nguvu imekuwa mara mbili, zikiongezeka 10 ni mara kumi, kwahiyo usidharau vinamba vidogo.

Simamisha gari sehemu mtandao ulipo hafifu, soma namba ukiwa umekaa kwenye siti, shuka usome ukiwa nje, afu panda kwenye keria usome tena, kila sehemu ipe simu kama dakika moja itulie. Tuseme ndani ni -114 na juu ya keria ni -104, basi hapo kuna dB 10 zako zinakusubiri juu ya paa na utazipata kwa antena ya kawaida tu. Lakini kama hata juu ya keria simu inaandika hakuna huduma, hio sehemu mara nyingi hakuna antena wala busta itakayokusaidia. Busta haitengenezi mtandao, inakuza ule uliopo, na pasipo na kitu inakuza hewa.

Kuna vitu vya bure vya kujaribu kwanza. Simu isikae mfukoni wala kwenye kile kishimo cha pembeni ya gia, ibandike kwenye kioo cha mbele, na kava za chuma toa. Mkiwa na simu mbili moja iwashe hotspot, ifunge vizuri kwenye keria ndani ya mfuko wa nailoni gari likiwa limesimama, nyingine kaa nayo ndani, meseji za WhatsApp zitapita wakati ndani zilikuwa zimegoma. Na lazimisha mtandao wa chini, simu ikiachwa yenyewe inang'ang'ania 4G inayopumulia mashine, inaruka 3G, inarudi, mwisho betri inaisha na hujaongea na mtu. Ingia kwenye aina ya mtandao uchague 2G tu afu piga, mara nyingi inakubali. Na simu ikigoma tuma SMS ya kawaida, inahitaji mawasiliano ya sekunde chache tu, haidai laini iwe imara muda wote kama maongezi. Andika kila kitu kwenye meseji moja, uko wapi, gari lina nini, unahitaji nini. Namba za GPS pia ziweke humo, GPS haihitaji mtandao kabisa, pakua tu ramani kabla hujatoka mjini.

Halafu laini. Hakuna mtandao bora porini kote, asikudanganye mtu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unatoa ruzuku ya minara ya vijijini kwa zabuni, kata hii inachukuliwa na kampuni hii, kata ya jirani na nyingine, ndo maana unapita kijiji Halotel imejaa afu kijiji kinachofuata inashika Voda au TTCL tu. Tembea na laini mbili za kampuni tofauti na ukifika sehemu waulize bodaboda, wao wanajua mpaka mti gani na kichuguu gani kinashika nini, hio ramani hakuna kampuni itakupa.

Sasa tuje kwenye antena maana hapa ndo hela inatakiwa iende. Simu za siku hizi hazina tundu la kuchomeka antena ya nje, kwahiyo njia ninayoipenda mimi ni rauta ya laini, ile yenye matundu mawili ya antena nyuma, unaifunga chini ya dashibodi, waya unaenda juu, na nyie ndani mnatumia Wi-Fi. Kwa 4G tafuta antena yenye waya mbili au funga antena mbili, rauta inazitumia zote kwa pamoja. Hakikisha imeandikwa masafa yake yanaanzia 698 mpaka 2700 MHz hivi. Antena ya redio kolu au ya TV haifanyi hii kazi hata kama koneta inaingia. Masafa ya chini, 800 na 900, ndo yanayofika mbali porini, yale ya 1800 na 2100 yanachoka mapema, kwahiyo antena inayoanzia 1700 ni ya mjini hio, mwachie muuzaji.

Antena ya sumaku ni rahisi na inafanya kazi vizuri ila iweke katikati ya paa la chuma, sio pembeni, kwasababu lile bati chini yake ndo nusu ya antena yenyewe. Wenye Defender za zamani bodi ni alminiamu, sumaku haishiki, na wenye kanopi ya faiba hakuna bati chini, nyie tafuteni aina isiyohitaji bati mfunge kwenye ngao ya mbele au kwenye nguzo ya keria. Njia za migunga chukua yenye springi kwenye kitako, matawi hayana huruma. Na usidanganyike na urefu, antena ndefu yenye dBi nyingi (kipimo cha antena inavyoelekeza nguvu) inatupa mawimbi kama sahani bapa, inafaa tambarare za Shinyanga au Dodoma, ila ukiingia milimani kama Lushoto au Makete mnara unaweza kuwa juu yako kabisa na antena inaangalia kwingine, huko fupi inashinda.

Waya watu wanaupuuza sana. Zile RG58 nyembamba zinakula karibu nusu dB kwa kila mita kwenye 900 MHz na zaidi ukipanda masafa, mita 5 tu na karibu nusu ya nguvu imeishia njiani. Chukua LMR-200 au inayofanana nayo, kata iwe fupi iwezekanavyo, ile ziada usiizungushe nyuma ya siti ukasema itafaa baadae. Pitisha kwenye raba ya mlango wa nyuma bila kuibana sana, ukiuponda ndani unaharibika na nje hauonekani.

Baada ya hapo ndo tuongelee busta. Inafaa pale ambapo juu ya paa kuna mtandao kidogo na unataka kuongea kwa simu ya kawaida ndani. Antena yake ya nje na ile ya ndani zisikaribiane, zikikaribiana inaanza kujisikiliza yenyewe na kupiga kelele kama maiki mbele ya spika, na hizo kelele zinaenda mpaka kwenye mnara kuharibia wengine. Kwasababu hio vifaa hivi vinatakiwa viwe vimethibitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwahiyo uliza kabla ya kutoa hela, zile za bei ya kutupa zisizo na jina wala lebo ziache hukohuko. Na wenye Fuso na Scania angalieni umeme, gari lenu ni volti 24 na vifaa vingi hivi ni 12, funga konveta na fyuzi yake, usichukue 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili, unaziua betri.

Kitu kingine, usiku unaweza kuona taa nyekundu ya mnara kabisa na simu ikagoma. 2G ya kawaida mwisho wake ni kama kilomita 35 kutoka kwenye mnara hata kama hakuna kilima katikati, simu ikizidi hapo mnara hauipokei. Sogea karibu na mnara, sio kupanda juu. Na kama ni dharura piga 112, inaweza kupita kwenye mtandao wowote ulio hewani hata kama sio wa laini yako. Wanaoishi kabisa huko ndani, watafiti, watu wa mbuga, wachimbaji, ukweli ni kwamba kuna sehemu jibu ni simu ya satelaiti tu, Iridium inashika dunia nzima ila gharama yake inauma, na masuala ya kibali uliza TCRA kwanza.

Mwisho ni matunzo, barabara mbovu zinazotikisa gari zinalegeza koneta, kila ukitoka safari zikaze kwa mkono na uzungushie tepu ya raba zile za nje, maji yakiingia mara moja waya wote unabadilisha.