Somo: Kuanzisha uzoaji wa taka mtaani, kuanzia kwa mjumbe hadi kizimba cha taka

Ndugu zangu, somo hili ni kwa yeyote aliyechaguliwa kwenye kamati ya mazingira ya mtaa na hajui aanzie wapi. Ninaandika kutoka mtaa wetu wa bondeni, Dar es Salaam. Huku taka zikitupwa mtaroni kiangazi, masika inazirudisha mpaka sebuleni.

Hatua ya 1: Mkokoteni kwanza, semina baadaye. Sisi tulianza na semina. Tukakodi viti na spika, watu wakapiga makofi, kisha mzoaji tuliyemtangaza akakaa wiki tatu bila kuonekana. Tulipopita kudai ada, mama mmoja alitupeleka nyuma ya choo, akafunua kiroba kinachochuruzika maji, funza wamejaa. "Nilipie hiki?" Hatukuwa na jibu. Hakikisha kwanza kuna mkokoteni au guta lenye siku yake maalumu, hata kama ni kwa nyumba 30 tu.

Hatua ya 2: Pita nyumba kwa nyumba na mjumbe. Ndiye anayejua nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Nendeni jioni, watu wamesharudi.

Hatua ya 3: Pimeni taka zenu wenyewe. Hapa msiharakishe. Chagueni nyumba 10, zigawieni viroba, mkusanye kwa siku 8. Taka za siku ya kwanza msizihesabu, maana huwa na za siku zilizopita. Zinazobaki mwageni kwenye turubai, mkiwa na buti na glavu, mchambue mafungu: maganda na mabaki ya chakula, plastiki, karatasi, chupa na vyuma, pampasi, mchanga. Kila fungu lipite kwenye mizani ya kuning'iniza, na wenye nyumba wawepo.

Kwetu maganda ya ndizi na viazi pamoja na ugali uliolala yalizidi mafungu mengine yote. Lililofuata kwa uzito lilikuwa mchanga! Tulikuwa tunafagia uwanja, tunaujaza kirobani, halafu kijana anausukuma kwenye jua. Hakuna aliyehubiri. Kesho yake asubuhi nikaona mchanga umerudishwa chini ya mwembe.

Hatua ya 4: Vyombo viwili tu. Ndoo yenye mfuniko kwa mabichi (maganda na mabaki ya chakula), kiroba kwa makavu. Mkidai vitatu au vinne, watu watachanganya. Waokota makopo waingizeni kwenye kamati, kwani wanajua chupa ipi inauzika na kwa nani kuliko mtaalamu yeyote mtakayemwalika.

Hatua ya 5: Ada na daftari. Kiwango kifuate sheria ndogo za halmashauri na kisomwe kwenye mkutano wa mtaa. Kila anayelipa apate risiti. Kila mwezi bandikeni mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, pamoja na mafuta ya lori linalotoa taka kizimbani, pale zinapokusanywa, kwenda dampo. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali, na watu wakiona safari moja inagharimu nini, ubishi wa ada unapungua.

MASWALI YA WANACHAMA

*Niko Mwanza, nyumba zetu ziko juu ya mawe, mkokoteni haupandi. Tufanyeje?*
Gaweni kazi mara mbili. Vijana wa hukohuko mlimani washushe viroba mpaka barabarani, guta lichukue hapo kwenda kizimbani. Anayeshusha alipwe kwa kiroba, na mabichi yabaki juu yafanywe mboji ili mzigo upungue.

*Mboji yetu inanuka, majirani wamelalamika.*
Imezidi maji. Changanya majani makavu au pumba za mbao, kisha igeuze kila wiki. Ukiikamua kiganjani ishikane bila kudondosha maji. Nyama na samaki usitie kabisa, huvuta panya.

*Nyumba ina wapangaji 8, kila mmoja anasema mwenzake ndiye amejaza kiroba. Nani alipe?*
Mdaini mwenye nyumba kama sheria zenu ndogo zinaruhusu, naye aiweke ada kwenye kodi ya chumba. Kwetu ndivyo tulivyofanya. Ila mjue kazi itaongezeka: mwenye nyumba anayeishi mbali itabidi mumpigie simu mwezi baada ya mwezi, na mjumbe awe na namba yake.

*Pampasi ziende wapi?*
Kwenye kiroba cha makavu, zimefungwa kwenye mfuko wake peke yake. Mwambieni mzoaji mapema, asizishike kwa mikono mitupu.